Uzio Uliotoka Ulaya

Pale Bweri, Musoma, lami inapoachana na barabara ya vumbi inayopanda kwenye nyumba mpya, kuna benchi lililowahi kuwa la kanisa. Waumini walinunua viti vya plastiki, benchi likatolewa nje, na Helena muuza kahawa akaliomba kabla mchwa hawajalimaliza. Tangu hapo limekaa kando ya jiko lake la mkaa, na wanaolikalia siku hizi wanasema mengi kuliko wa zamani na wanasali kidogo. Jumamosi hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri bila kuangusha hata tone, kama yalivyofanya wiki nzima, na watu walikunywa kahawa wakitazama juu kwa jicho la mtu anayemtazama fundi aliyeahidi kuja jana.

Boniphace aliwahi kufika kuliko wote. Duka lake la vipuri vya pikipiki kule Nyakato alikuwa hajalifungua, na simu ameishika mkononi badala ya kuitia mfukoni. Kwao kijijini, mbele kidogo ya Bunda, ndugu zake walikuwa wameamua kuzungushia uzio mbuga ya malisho pamoja na mashamba yote ya pamba na mahindi yaliyopakana nayo. Nguzo zimeshapelekwa, waya umeshafika, baba zake wadogo wamekubali. Lakini baba yao mzazi hayupo tena duniani, na Boniphace ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo ardhi ile haichimbwi shimo mpaka yeye aseme. Mdogo wake Fredy alimwambia jana kwamba kabla ya mchana wanataka neno lake. Neno lenyewe lilikuwa limekwama.

Kilichomkwamisha ni jambo ambalo Fredy hakutaka hata kulizungumza. Kule kwao mtu akishavuna, mabua ni ya kila mwenye ng'ombe. Haombi wala habishi hodi, anafungua zizi anapeleka. Na mbuga ile wamechunga wote tangu zamani, pamoja na wakaribishwa, yaani watu waliokuja kutoka mbali na baba yake akawapa mahali pa kujenga nyumba, bila shamba wala hati, kwa maneno tu na kibuyu cha pombe. Uzio ukisimama, ng'ombe wa watu hao hawatakuwa na pa kuweka mdomo. Boniphace alilijua hilo vizuri. Alikuja kijiweni kutafuta mtu wa kumsaidia asilijue.

Na mahali pa kupata mtu wa namna hiyo alikuwa hajakosea. Aliyekaa kulia kwake ni Mzee Eliud, wanamwita Ticha, mstaafu aliyefundisha historia sekondari mpaka chaki ikamwingia kwenye kucha, na Boniphace mwenyewe alipita mikononi mwake. Kushoto alikaa Bernado, au Nondo, mchomeleaji mageti. Na kwenye ncha ya benchi, panapobonyea, alikaa Gabriel wa bodaboda. Wanamwita Spidi, ingawa pikipiki yake muda mwingi iko kwa fundi na yeye yuko kwa Helena.

— Bado tu hujasema? Nondo akauliza.

— Bado.

— Mtu na akili zako. Ningekuwaga mimi, saa hii tunafunga geti. Na geti lenyewe nalitengeneza mwenyewe.

— Ulikuwa unazunguka tu, kumbe unaenda hapo, Helena akamwambia huku akipepea mkaa.

Ticha akaweka kikombe chini taratibu, na wote wakajua kipindi kimeanza.

— Boniphace. Kidato cha tatu, ulikaa dirisha la kushoto. Mapinduzi ya kilimo Uingereza. Taja faida.

Boniphace hakuwa na hamu ya shule asubuhi ile. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe, kama unavyomfungukia kila aliyepita kwa mwalimu yule.

— Mazao yaliongezeka. Mifugo ilinenepa. Miji ilikua. Watu walipata kazi viwandani.

— Sababu?

— Mashamba yalizungushiwa uzio.

— Vizuri. Kaa chini.

— Nimekaa, Ticha.

Spidi akasogea karibu, maana habari za Ulaya anazipenda kuliko za Musoma.

— Kwani Mzungu zamani alikuwaga kama sisi?

— Alikuwa sisi kabisa, Ticha akasema. Kijiji kina shamba moja kubwa, kila mtu ana vipande vyake humo. Wakishavuna, ng'ombe wote wanaingia. Na pembeni kuna mbuga ya wote. Ng'ombe wamechanganyika, dume bovu la mtu mmoja linaharibu kizazi cha kijiji kizima. Ardhi imechoka, kila mwaka kipande kingine kinaachwa kilale. Ndipo wakatokea watu wa kufikiri. Wakapanda ua wa miti ya miiba kuzunguka kila shamba. Mwaka huu ngano, mwaka unaofuata tanipu, halafu shayiri, halafu majani ya klova ya kurudishia udongo nguvu. Ardhi haikulala tena.

— Tanipu ndo nini hiyo?

— Ndugu yake figili, ila ni nene. Ng'ombe wanaila wakati wa baridi. Kabla ya hapo, baridi ikikaribia wengi walichinjwa, maana majani hakuna.

Spidi akakuna kidevu, na kwa Spidi kufikiri ni dalili mbaya.

— Basi nimejua sayansi ilikotoka. Si vitabu. Ni nyama. Zamani walikulaga nyama msimu mmoja, ubongo unashiba mwezi, miezi mingine unasinzia. Ikaja tanipu, ng'ombe hafi, nyama mwaka mzima. Ubongo ukawaka. Ndo maana yule mzee wa Kiitaliano akaamka siku hiyo anasema dunia inazunguka.

— Huyo alikuja kabla ya tanipu, Ticha akamkata.

— Basi alikuwa na ndugu yake ana bucha.

— Si nyama, ni uzio, Nondo akadakia. Mtu asiyekuwa na uzio kazi yake ni kukimbizana na mbuzi za jirani. Akili itatulia saa ngapi? Akishazungushia, anakaa. Akikaa, anaanza kuona vitu. Lile tufaa lilianguka, jamaa akaliona, akajiuliza kwa nini halikupanda juu. Sisi hapa embe likianguka, halijafika chini kuna mtu ameshalidaka. Huo muda wa kujiuliza utautoa wapi?

— Na darubini? Spidi akauliza.

— Darubini ilikuwa ya kulindia shamba. Jamaa ana eneo kubwa, kuzunguka anaona uvivu. Akatengeneza kitu cha kumwona mwizi akiwa amekaa barazani. Siku moja mkono ukateleza, akauona mwezi.

— Mwenye darubini walimfungia ndani mpaka akafia humo, Ticha akasema kwa huzuni ya mtu anayemjua marehemu. Wakubwa wa dini hawakutaka kusikia dunia inazunguka.

— Hiyo ni sababu ya kwenye vitabu, Nondo akasema. Mwenye darubini anaona nani anatoka kwa nani alfajiri. Hapo lazima ufungiwe.

Wakacheka. Boniphace hakucheka. Alikuwa anaifikiria mbuga kama alivyoiona kiangazi kilichopita, udongo mtupu umekauka, ng'ombe wa baba yake wanalamba vumbi, mbavu zinahesabika. Fredy alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomchosha. Ingekuwa ni tamaa tu angekataa na kulala usingizi. Fredy alitaka kupanda majani, kuleta dume la kisasa, kuipumzisha ardhi. Na alikwishasema wazi kwamba kaka akikataa, watagawana, kila mtu azungushie kwake, na kaka atachukua upande wa magadi usioota kitu. Uzio ungesimama tu. Kilichobaki ni kama Boniphace atakuwa ndani yake au nje.

— Mbona hamniulizi mimi? Helena akasema.

— Sema, shangazi, Spidi akamwambia.

— Mimi naona ilianzia kwenye kupima. Mtu akishazungushia, anaanza kupima. Majani kiasi gani, maziwa kiasi gani, nani ameingia, nani ametoka. Akishapima, anajua. Akishajua, hasalimii tena. Hiyo ndiyo Ulaya yenu.

— Hiyo haimo kwenye silabasi, Ticha akasema.

— Ndiyo maana sikuendelea na shule.

Boniphace akajikuta anasema kitu ambacho hakukusudia kukisema.

— Pale mbugani baba alikaribisha watu.

Nondo akakuna alama za moto zilizomjaa mkononi. Ticha akavuta pumzi ndefu, ile aliyokuwa akiivuta zamani kabla ya kurudisha mitihani.

— Kijana wangu, hata kule kulikuwa na watu. Nchi haiwezi kukaa palepale kwa kumwonea mtu mmoja haya. Wewe si umeniambia ardhi imekwisha? Ukiiacha hivyo itawashinda wote, mwenye nayo na mkaribishwa. Bora wapone wengine.

Sentensi ilikuwa nzuri, na imetoka kwa mtu aliyemfundisha. Boniphace hakuipima. Aliishika kama mtu anavyoshika ukingo wa boti, akasimama, akapiga simu palepale, hatua mbili kutoka kwenye benchi.

— Kaka, shikamoo, sauti ya Fredy ikasema.

— Marahaba. Zungusheni.

— Unasemaje?

— Nimesema zungusheni.

Fredy akawapigia kelele watu waliokuwa naye, na mara hiyohiyo Boniphace akasikia sululu ikigonga ardhi. Walikuwa wamesimama tayari na vyombo mkononi.

— Tunaanzia bondeni kwa wakaribishwa, Fredy akasema. Tuwahi kabla hawajakusanyana. Asante, kaka. Baba angefurahi.

Simu ikakatika. Boniphace alitegemea moyo utatua, lakini haukutua. Alijiona mchafu, hivihivi tu, mtu mzima amesimama kando ya barabara ya lami na jua halijapanda. Alirudi akakaa, na Nondo akamgonga begani akimwambia kuhusu geti, kwamba akitaka la kusukuma au la kufungua mbawa mbili aseme mapema. Helena akamjazia kikombe bila kuombwa.

Basi la kutoka Bunda lilisimama upande wa pili, likamshusha mtu mmoja mwenye koti la zamani na kidumu cha njano. Akavuka kwa woga wa mtu asiyeiamini lami, akaja moja kwa moja kijiweni.

— Hodi jamani. Shikamoo mzee.

— Marahaba, Ticha akajibu.

— Kaka Boniphace. Basi limepita pale dukani nikaona hujafungua, nikasema lazima uko kwenye kahawa.

Alikuwa Kulwa. Boniphace akainuka, akampa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wa mgeni aliyetoka safarini. Baba yake Kulwa alitoka Usukumani kabla wao wawili hawajazaliwa, akakaribishwa pale bondeni, akajenga. Boniphace na Kulwa walichunga pamoja, walioga pamoja, walichapwa fimbo kwa siku moja kwa kosa la ng'ombe walioingia kwenye pamba. Boniphace alipokuja mjini, ng'ombe wake wachache aliwaacha kwa Kulwa awatunze. Ndivyo ilivyo kule: mwenye nafasi anamtunzia asiye na nafasi, maziwa anakunywa mtunzaji, na ndama ni wa mwenyewe. Hakuna anayeandikishana.

— Binti yangu amejifungua huku Nyakato, Kulwa akasema akikaa. Nimekuja kumwona mjukuu. Nikasema siwezi kupita bila kuleta mtindi wa watoto wako. Ni wa yule mwekundu wako. Amezaa jike, kaka. Jike zuri, lina baka jeupe hapa.

Akajigusa paji la uso kuonyesha mahali, na uso wake wote ukafurahi.

— Asante sana, Boniphace akasema. Mmeamkaje huko?

— Salama tu. Nimetoka na giza. Nikaona nguzo zimelazwa pale bondeni karibu na kwangu. Nikasema bila shaka kaka anatujengea josho la ng'ombe.

Helena akaacha kupepea. Boniphace akatazama kikombe chake.

— Fredy ndiye anayejua, akasema.

— Basi nikirudi nitamuuliza. Nitamsaidia kuchimba.

Spidi peke yake ndiye hakuelewa, au hakuwa akisikiliza, maana kichwa chake bado kilikuwa Ulaya.

— Mzee, umetukuta tunazungumza mambo makubwa. Jinsi Mzungu alivyopata akili.

— Aliipataje?

— Wengine tunasema ni nyama. Wengine uzio. Ticha, mwambie.

Ticha hakutaka. Lakini mgeni alikuwa amemgeukia kwa adabu, mikono juu ya magoti, na mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Akaanza kumweleza, safari hii kwa sauti ya chini, akizirukaruka pointi kama mtu anayetembea kwenye tope. Akamweleza juu ya shamba la kijiji. Akamweleza juu ya mbuga ya wote.

— Na mabua? Kulwa akauliza.

— Na mabua pia. Wakishavuna, ng'ombe wote wanaingia.

— Kumbe ni watu, Kulwa akasema.

Alisema kwa heshima kabisa. Maisha yake yote alikuwa amewaona Wazungu wakipita kwenye magari ya kwenda mbugani kuangalia wanyama, na hakuwahi kuwafikiria kama watu wanaopelekeana ng'ombe kwenye mabua.

— Na wakaribishwa walikuwepo?

— Walikuwepo, Ticha akasema. Mtu ana kibanda chake na ng'ombe mmoja au wawili. Shamba hana. Anachunga pale pa wote.

— Kama mimi.

— Ndiyo.

— Halafu ukaja uzio.

— Halafu ukaja uzio.

— Wakaenda wapi?

— Mjini. Viwandani.

Jibu hilo Ticha alikuwa amelipa alama ya vema kwenye madaftari mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Leo lilitoka kama limeazimwa. Kulwa akalifikiria, akatazama barabara ya kwenda Musoma mjini, pikipiki zikipita na wanawake wenye beseni za dagaa, kana kwamba anataka kukiona hicho kiwanda kiko upande gani. Akarudisha macho kwa mwalimu.

— Na ng'ombe wao?

— Ng'ombe wao?

— Ndiyo. Maana mjini hukai na ng'ombe. Walikwenda nao wapi?

Ticha akafungua mdomo. Boniphace alimwona akitafuta, macho yamepanda juu kidogo, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakitafuta darini. Faida alizijua zote. Majina ya mazao alikuwa nayo, na majina ya waliobuni mashine, na ya waliozalisha kondoo wenye mapaja mazito. Lakini katika miaka yote ya chaki hakuna aliyewahi kumuuliza habari za ng'ombe mmoja wa mtu mmoja. Hata kipande cha hasara za uzio walikipitia mbiombio, kengele ikilia.

— Labda wali... Spidi akaanza, kisha akamtazama Kulwa, akamtazama Boniphace, na mwishowe naye akaelewa. Akaiacha sentensi hapohapo.

Nondo alisimama akasema ana kazi karakana, lakini hakuondoka. Boniphace aliishika simu ndani ya mfuko. Alijua anachopaswa kufanya, ni kubonyeza tu na kusema acheni. Akaikumbuka ile sululu. Akaukumbuka upande wa magadi. Mkono ulibaki mfukoni, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Kulwa hakuona lolote katika hayo. Aliona tu kwamba wazee wa kijiweni wamekwama, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu akaamua kuwasaidia.

— Mimi nadhani wenye uzio waliwatunzia, akasema. Kama mimi ninavyokutunzia yule mwekundu. Waliwapokea ng'ombe, wakawaingiza humo ndani kwenye majani mazuri, mpaka wenyewe watulie huko mjini. Mtu hawezi kuchangia mabua na mwenzake miaka yote hiyo, wameoga pamoja, halafu amfungie nje na ng'ombe zake. Si ndiyo, kaka? Wewe umesoma.

Wote walimtazama Boniphace, hata Helena.

— Itakuwa hivyo, Boniphace akasema.

Kulwa akatikisa kichwa kukubali. Aliridhika, kwa sababu tangu utoto wao hajawahi kulitilia shaka neno la Boniphace. Akamgeukia Helena, akamwomba kikombe kimoja kabla hajaenda kumwona mjukuu. Helena alilishika birika, akaliinamisha juu ya kikombe, zikatoka chenga za kahawa tu. Akamwambia imekwisha, na alipomwambia hakumtazama usoni.